Mstari wa Mwezi Gani?

Ramani ilibandikwa ubaoni, juu ya hesabu za darasa la tano ambazo hakuna aliyezifuta. Bonde la Kilombero lilikuwa pale lote, kijani na kahawia, na katikati yake eneo la buluu lililozungushiwa mstari mweusi. Mkutano uliitishwa ili wanakijiji waelezwe ardhioevu, yaani ardhi inayokaa majini mwaka mzima au kwa msimu, inaishia wapi. Ramani haikuwa kazi yangu. Nilialikwa kusaidia kuisoma, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni picha za setilaiti.

Mama mmoja, mkulima wa mpunga, alitoka kwenye benchi la nyuma akaja mpaka ubaoni. Aliufuata ule mstari kwa kidole, polepole, kama mtu anayepita njia anayoijua. Akasimama mahali fulani.

"Mwanangu, huu mstari mmeuchora mwezi gani?"

Nikasoma maandishi madogo ya pembeni. "Picha zilipigwa mwezi wa tisa, mama."

"Mwezi wa tisa hapa mbuzi anapita bila kulowa kwato. Mwezi wa nne nani aliangalia?"

Watu wakanong'ona, mwenyekiti akaomba utulivu, ajenda zikaendelea. Nilirudi na swali lile kazini, na kila nilipofungua picha ya sehemu yoyote ya nchi, lilikuwa limenitangulia. Nimeamua kuliandika, kwa sababu naamini halihusu Kilombero peke yake. Linahusu ramani nzima ya ardhioevu za Tanzania, na jinsi tunavyoitumia kuamua nani alime wapi, nani achunge wapi, na nani aondoke.

Mawingu huficha masika

Jibu fupi kwa yule mama ni kwamba mwezi wa nne hakuna aliyeangalia, kwa sababu mwezi wa nne hakuonekani kitu.

Setilaiti nyingi zinazotumika kuchora ramani za nchi huona kwa mwanga wa jua, kama macho yetu. Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani, ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake zote hupatikana bure. Ni hazina kubwa. Lakini Kilombero hufurika mvua zinapokolea, Machi na Aprili, na majuma hayo ndiyo anga hufungwa na mawingu. Setilaiti hupita juu, hupiga picha, na picha inatoka nyeupe tupu. Mchora ramani anayetaka picha safi ataipata Julai, Agosti, Septemba. Hachagui kiangazi kwa nia mbaya. Kiangazi ndicho kinachopatikana.

Matokeo yake ni upotofu unaoelekea upande mmoja. Maji yanapokuwa mengi hatuoni, na tunapoona yameshapungua. Kosa la kubahatisha lingejisawazisha, huku likizidisha na kule likipunguza. Hili halijisawazishi. Hupunguza kila mahali, mwaka baada ya mwaka, na hupunguza zaidi palepale ambapo maji hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa.

Tena nchi hii haina masika moja. Kaskazini na pwani kuna vuli, kisha masika. Kati, magharibi na kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kwenda mfululizo hadi Aprili au Mei. Ukichagua mwezi mmoja kwa ajili ya nchi nzima, kinamasi cha Bahi, Dodoma, kitakuwa vumbi wakati kwingine kumejaa. Ramani itakuwa na rangi moja na maelezo mamoja, na msomaji hatajua kwamba kila kona imepimwa katika hali yake tofauti.

Watu wa Umoja wa Ulaya walijaribu kulitatua hili kwa wingi. Mwaka 2016 walichapisha ramani ya maji ya dunia nzima iliyotokana na picha takriban milioni 3 za Landsat, kuanzia 1984 hadi 2015, mwezi kwa mwezi. Niliifungua kwa matumaini makubwa. Maziwa yapo, mabwawa yapo, mito mikubwa ipo. Kilombero karibu yote haipo.

Haipo kwa sababu ramani ile hutambua maji ya wazi, na maji ya Kilombero husimama chini ya nyasi ndefu na matete. Ukiwa juu unaona kijani. Ukiwa ndani ya mtumbwi uko majini.

Malagarasi na majibu yake matatu

Kabla ya kulaumu vyombo, nilirudi kwenye swali la msingi zaidi. Tunapima nini hasa?

Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, umefungua mlango mpana sana. Ardhioevu ni kinamasi, ni maji ya asili au ya kutengenezwa, ya kudumu au ya msimu, yaliyotulia au yanayotiririka, matamu au ya chumvi, hadi bahari isiyozidi kina cha mita 6 maji yanapokupwa. Mikoko ya Rufiji imo. Matumbawe ya Mafia yamo. Bwawa la Mtera limo. Jaruba la mpunga limo.

Tanzania ilijiunga mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha ya mkataba: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Lile la kwanza, magharibi mwa nchi, ndilo lililonikalisha usiku.

Orodha inasema Malagarasi-Muyovozi ina hekta milioni 3.25. Lakini maelezo ya eneo hilohilo yanasema maziwa na maji ya wazi wakati wa kiangazi ni kama hekta 250,000, vinamasi vya kudumu vya mafunjo kama hekta 200,000, na tambarare za mafuriko, ambazo hupanuka na kusinyaa kila mwaka kufuatana na mvua, hufikia hadi hekta milioni 1.5. Kinachobaki kujaza zile milioni 3.25 ni misitu ya miombo na mbuga zenye miti zinazolizunguka bonde.

Kwa hiyo Malagarasi ni kubwa kiasi gani? Ukiuliza Septemba ni hekta laki nne na nusu. Ukiuliza katika mwaka wa mvua nyingi ni karibu milioni mbili. Ukiuliza mwanasheria ni milioni tatu na robo.

Majibu yote matatu ni ya kweli.

Tatizo huanza tunapochukua moja na kulijumlisha na la mahali pengine lililopimwa kwa namna nyingine. Husemwa mara nyingi kwamba ardhioevu ni takriban asilimia 10 ya Tanzania. Siipingi tarakimu hiyo, lakini kila ninapoikuta sasa hujiuliza maji ya nani yamo ndani. Maji ya nchi kavu, ambayo sehemu yake kubwa ni Victoria, Tanganyika na Nyasa, peke yake hufikia zaidi kidogo ya asilimia 6 ya eneo la nchi. Ukiyatoa, picha inageuka kabisa. Na ardhioevu ambayo mtu anaweza kuilima, kuiziba, kuigawa au kuiuza karibu yote imo kwenye kile kipande kidogo kinachobaki.

Asilimia 90 ya kusahihisha

Kuna ramani niliyoonyeshwa iliyokuwa na sifa ya usahihi wa asilimia 90. Watu waliokuwa chumbani waliridhika. Mimi pia niliridhika, hadi nilipokaa na hesabu.

Chukua pointi 1,000 za kuhakiki, zilizotawanywa nchi nzima bila upendeleo. Kama ardhioevu ni asilimia 10, basi pointi 100 zitaangukia ardhioevu na 900 nchi kavu. Sasa chora ramani isiyo na ardhioevu hata moja, nchi nzima kahawia. Ramani hiyo itapatia pointi 900 kati ya 1,000.

Usahihi wa asilimia 90, na haijaona tone la maji.

Wenzangu wa fani wanajua kwamba kuna maswali mawili yanayopaswa kuulizwa badala ya lile moja. La kwanza: katika ardhioevu zote zilizopo, ramani imezikamata ngapi? La pili: katika zote ambazo ramani imeziita ardhioevu, ngapi ni za kweli? Majibu hayo mawili huvutana. Ukilegeza masharti unakamata nyingi zaidi, lakini unaingiza vivuli vya milima, mashamba yaliyoungua na udongo mweusi uliolowa kwa mvua ya jana. Ukikaza masharti unabaki na maziwa.

Ni uamuzi, na kila upande una mtu wa kuumia. Ramani inayoacha nje kinamasi halisi humwachia mwenye trekta akijaze. Ramani inayoingiza shamba la nchi kavu humfanya mkulima aonekane mvamizi kwenye ardhi ya babu yake. Sidhani uamuzi wa namna hiyo unapaswa kufanywa na mtu mmoja mbele ya kompyuta, na jibu lake kufichwa nyuma ya tarakimu moja ya usahihi.

Rada, na furaha yangu ya muda

Aprili 2014 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha Sentinel-1, setilaiti ya rada. Hii haitegemei jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yakagonga ardhi, yakarudi, usiku na mchana, na wingu haliyazuii. Mwezi wa nne ukafunguka.

Maji yaliyotulia huonekana meusi kwenye rada, kwa kuwa mawimbi huteleza juu yake na kwenda zake bila kurudi. Kizuri zaidi ni mahali ambapo maji yamesimama katikati ya matete. Wimbi hugonga maji, likarukia mashina, likarudi kwenye setilaiti kwa nguvu, na mahali hapo hung'aa kuliko kote. Mara ya kwanza kuona Kilombero ya Aprili kwa rada nilinyamaza. Lile bonde ambalo kwenye picha za mwanga wa jua huonekana kijani kimoja lilipasuka vipande: hapa njia ya mto, hapa maji ya wazi, hapa nyasi zilizosimama majini, hapa ukingo mkavu ambako sheshe, swala wa bonde lile, hukimbilia mafuriko yakija.

Lakini rada ina udhaifu wake, na nimeujifunza kwa kuchelewa kuliko nilivyotaka. Upepo ukikwaruza uso wa ziwa, weusi unapotea. Mchanga mkavu ulio laini huwa mweusi kama maji. Ziwa Natron humchanganya yeyote: maji yake ni ya kina kifupi mno, magadi hufanya tabaka gumu juu, na mpaka kati ya ziwa, tope na chumvi husogea kwa kilomita. Robo tatu ya heroe wadogo wa dunia huzaliana pale, kwenye tope hilo ambalo ramani hushindwa kuamua iliite nini.

Halafu kuna misitu. Minziro, kule Missenyi karibu na mpaka wa Uganda, ni msitu unaofurika. Mawimbi ya Sentinel-1 hugonga majani ya juu na kurudi, hayafiki chini. Kwenye ramani nyingi Minziro ni msitu tu. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo, la msitu mmoja pembeni ya nchi. Jirani zetu wanatuonyesha vingine. Mwaka 2017 watafiti walithibitisha kwamba chini ya misitu ya bonde la kati la Kongo kuna matabaka ya mabaki ya mimea ambayo hayajaoza kwa sababu yamekaa majini, katika eneo la takriban kilomita za mraba 145,500, yakiwa yamehifadhi kama tani bilioni 30 za kaboni. Setilaiti ziliwaelekeza pa kutafuta, ila uhakika ulikuja kwa watu walioingia ndani kwa miguu na kuchimba.

Udongo una kumbukumbu

Kuchimba. Hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka.

Tulikuwa ukingoni mwa Wembere, katikati ya kiangazi. Nyika ile hupokea maji ya Singida, Tabora na Shinyanga na kuyapeleka Ziwa Kitangiri, kisha kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Siku ile haikuwa na maji ya kupeleka popote. Ng'ombe walikuwa wametawanyika hadi macho yanapokoma. Mwenzangu wa udongo akashindilia chuma cha kuchimbia, akakizungusha, akatoa bonge la udongo na kulivunja viganjani.

Udongo uliokaa majini hukosa hewa. Chuma kilichomo hubadilika, wekundu na ukahawia huondoka, kijivu hubaki. Maji yakishuka, hewa hupenya kupitia njia za mizizi ya zamani, na kutu hujitokeza madoamadoa ya rangi ya chungwa. Hivyo bonge la udongo lililotolewa mwezi wa kumi hueleza kilichotokea mwezi wa pili, mwaka huu na miaka mingi nyuma. Hujibu swali ambalo picha haiwezi kulijibu: maji huja hapa mara kwa mara, au yalikuja mara moja tu?

Si kila udongo husema waziwazi. Ule mfinyanzi mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa magurudumu masika, huficha madoa hayo ndani ya weusi wake, na mtu anaweza kuchimba na asione kitu ilhali pamefurika kila mwaka. Mwenzangu alilijua hilo. Kwa hiyo alifanya kitu ambacho sikukiona kwenye mwongozo wowote. Alikwenda kwa mzee aliyekuwa akichunga, akampa shikamoo, akamwuliza ng'ombe wake huwa wapi mwezi wa tatu.

Mzee akaonyesha kwa fimbo mstari wa michongoma mbali kabisa nyuma yetu. "Kule. Hapa mlipo nyie ni maji."

Nimefikiri sana kuhusu mstari ule wa fimbo. Ulikuwa na tarehe, ulikuwa na sababu, na ulikuwa umehakikiwa na maisha ya mtu mzima.

Majaruba

Hapa ndipo pananitatiza kuliko kote, na sijalimaliza.

Kwa tafsiri ya Ramsar, shamba la mpunga ni ardhioevu ya kutengenezwa na binadamu. Kwa rada pia, mpunga uliosimama majini hufanana sana na nyasi zilizosimama majini. Sasa chukua kinamasi cha hekta elfu moja, kilichojaa matete, kambare na ndege. Kikate, kigawe majaruba, kilime. Chora ramani ya kabla na ramani ya baada.

Hekta elfu moja kabla, hekta elfu moja baada. Hakuna kilichopotea.

Taarifa inayosema ardhioevu za nchi hazijapungua inaweza kuwa ya kweli kwa hesabu na ya uongo kwa kila samaki aliyekuwa na pa kutagia. Lakini kinyume chake pia kinaniuma. Ukisema jaruba lisihesabiwe, umemwambia yule mama wa Kilombero kwamba kazi ya mikono yake ni uharibifu, wakati maji bado yanakuja, vyura bado wanalia, na familia inakula. Baadhi ya majaruba hufuata mafuriko ya asili bila kuyageuza. Mengine yamekuja na mifereji na mabanio yanayokausha kinamasi kilichoko chini yake. Kwenye ramani yote ni rangi moja.

Msimamo wangu kwa sasa ni kwamba yahesabiwe, lakini kwenye safu yake, na kwa tarehe: eneo hili lilikuwa kinamasi hadi mwaka fulani, sasa ni mpunga. Anayesoma aone mabadiliko, kisha abishane akiwa ameyaona.

Hekta hazisemi kila kitu

Ihefu, kinamasi cha Usangu mkoani Mbeya, kilinifundisha kwamba hata ramani nzuri inaweza kukosa jambo lenyewe. Maji ya Ihefu hutoka kupitia Ng'iriama, ambako mwamba hufanya kizingiti cha asili. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto wa Ruaha Mkuu hutiririka. Yakishuka chini yake, mto hukatika, hata kama nyuma ya mwamba bado kuna kinamasi kikubwa. Tangu kiangazi cha miaka ya 1993 na 1994 mto ule umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakirundikana kwenye madimbwi ya mwisho.

Ramani ya eneo ingeonyesha kinamasi kimesinyaa kiasi. Isingeonyesha kwamba sentimita chache za kina ndizo tofauti kati ya mto na mchanga.

Wala isingeonyesha sababu. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 eneo likaingizwa hifadhini. Wakati huohuo mifereji ya umwagiliaji ya juu ilikuwa ikichukua maji, yakiwemo ya kiangazi, kabla hayajafika kinamasini. Ramani iliyoonyesha ng'ombe na maji kupungua mahali pamoja ilitosha kuwasadikisha watu wengi. Kutokea pamoja si kusababishana, lakini ramani hupanga vitu kandokando na jicho humalizia lenyewe.

Mita 60 kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, kingo za mto na mabwawa. Ni sheria ninayoiunga mkono. Kwenye korongo lenye kuta, mita 60 hupimika kwa kamba.

Kwenye tambarare ya mafuriko sijui mtu aanzie wapi. Fikiria ardhi inayoinuka mita moja katika kila kilomita moja. Maji yakipanda mita moja tu, ukingo umesogea kilomita nzima. Mita 60 zinamezwa ndani ya siku chache za mvua. Anayepima kiangazi ataruhusu nyumba mahali ambapo Aprili ni mto. Anayepima kwa mafuriko makubwa ya miongo atafuta vijiji ambavyo watu wameishi kwa vizazi wakijua kuhama na kurudi.

Kuna wakati nilifikiri heri kutochora kabisa. Ramani ya ardhioevu ni ramani ya udongo wenye rutuba na maji ya bure, na Kilombero tayari ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyolengwa na mpango wa kilimo wa ukanda wa kusini ulioanza 2010. Ukionyesha mahali kwa rangi ya buluu, umemwonyesha pia anayetafuta pa kulima mashamba makubwa. Kwa majuma kadhaa sikuweza kulijibu hili.

Kilichonirudisha ni vinyungu. Mabonde membamba ya Iringa na Njombe, ambako watu hulima mboga kiangazi kwa unyevu wa chini, mengi yana upana wa hatua chache tu. Pikseli moja ya Landsat, yaani kitone kimoja cha picha, ni mita 30 kwa 30. Bonde la mita 20 halina pikseli yake. Huchanganyika na mlima wa kulia na wa kushoto na kupotea. Kwenye ramani ya nchi vinyungu karibu havipo. Na kutokuwepo huko hakujavilinda. Miti inayonywa maji mengi imepandwa hadi kwenye chemchemi, na anayelalamika hana karatasi ya kuonyesha kwamba pale palikuwa na maji. Kisichochorwa huondoka bila kesi.

Ramani ninayoitaka

Ningetoa mstari mweusi. Badala yake kila kipande cha ardhi kibebe idadi ya miezi ambayo hukaa majini katika mwaka wa kawaida, kutoka sifuri hadi 12, na pembeni yake idadi ya juu iliyowahi kuonekana. Ziwa litakuwa 12, ukingo wa Wembere labda miwili, jaruba la Kilombero minne au mitano. Mkutano wa kijiji unaweza kujadili namba hiyo. Mtu anaweza kusema kwangu si minne ni mitano, na ikasahihishwa.

Ningeongeza rangi ya mashaka. Minziro ipakwe wazi kwamba hapa rada haikuona chini, paendewe kwa miguu. Natron ipakwe kwamba mpaka huu husogea. Kiongozi anayeamua juu ya eneo lenye mashaka ajue kwamba anaamua akiwa na mashaka.

Na ningeanzia Rufiji, kwa sababu pale muda umeshaanza kutukimbia. Kilombero huingiza zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji, na tangu Desemba 2022 maji hayo yanaishia kwanza kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakijaza maziwa madogo ya Rufiji ya chini, yakirutubisha mashamba na kupeleka tope hadi kwenye mikoko ya delta, sasa yana mlango na mtu wa kuufungua. Mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti yalionyesha jinsi watu wa chini wanavyohitaji kujua maji hufika wapi na lini. Mjadala wa kiasi gani kiachiwe, mwezi gani, kwa ajili ya samaki, mpunga na mikoko, hauwezi kufanyika bila kujua mto ulikuwa ukifanya nini wenyewe.

Hilo linajulikana. Picha za rada kati ya 2014 na mwisho wa 2022 zipo, ni bure, na ni rekodi ya mwezi kwa mwezi, mawingu yakiwepo au yasiwepo, ya bonde lile kabla ya bwawa kujaa. Nimeanza na Aprili zote. Kazi ya kompyuta itakwisha mapema kuliko ile nyingine, ya kuzipeleka vijijini moja baada ya nyingine na kuwauliza wavuvi na wakulima wa mlao, wanaopanda mafuriko yakishapungua, mwaka upi rada imesema kweli.